Msonyo Juu ya Mnara

Mjini, 4 Machi

Kwa Dada,

Barua yako nimeipata kwa kondakta. Imekunjwa kwa pindo mbili zilizolingana, nikajua hata kabla sijaifungua kwamba ni ya fundi cherehani. Nashukuru mko wazima. Mimi pia mzima, ila kuna neno moja humo ndani limeniharibia wiki. Unasema Mama anataka kuja kupanda Mnara. Dada, nakuomba, mtoe wazo hilo kichwani.

Ninyi Mnara mnauona kwenye kalenda na kwenye makopo ya biskuti. Huko ni mzuri, sikatai, lakini kalenda haina harufu. Mimi niko humu mwaka wa tatu sasa, msimamizi wa ukumbi wa juu, wacha nikwambie kilichopo.

Anza na lifti. Inapanda ghorofa arobaini kwa muda wa hujambo sijambo, ina watu ishirini na wawili, na kila mmoja kaja na kwapa lake. Mlango ukifunguka juu wanatoka wote kwa pamoja huku wanakanyagana, wanakimbilia vioo. Hapo ndipo shughuli inapoanza. Watu hawautazami mji kwa macho, Dada, wanautazama kwa pua. Kila mtu lazima abandike uso. Ikifika jioni vioo vimejaa mafuta ya vipaji, alama za midomo, kamasi za watoto, na wapo watu wazima, watu wenye tai shingoni, wanalamba. Sijui wanaonja nini. Mate yakikaukia pale yanakuwa ukurutu, maji matupu hayayatoi, mpaka uyakwangue kwa ukucha.

Reli ya kushikia inanata mwaka mzima. Kwenye darubini mmoja anaweka jicho lenye tongotongo, anatoka, mwingine anaweka la kwake palepale bila hata kupangusa. Chini ya mabenchi kuna chingamu za tangu Mnara ulipofunguliwa, zimepandana tabaka kwa tabaka. Ukipapasa, za ndani ni ngumu na za juu bado zina joto la mdomo. Na kutapika ndiyo usiseme. Haipiti siku bila watu watatu. Wanapanda wameshiba, wanachungulia chini, tumbo linageuka, na hakuna anayejishughulisha kufika chooni. Juzi bwana mmoja alitapikia mkoba wa mkewe, akafunga zipu, wakaendelea kupiga picha.

Mama si mtu wa kuletwa kwenye uchafu wa namna hiyo. Harusi yangu ni tarehe 2 Mei, mtakuja wakati huo, nitawatembeza bustanini kwenye hewa safi, mtamwona na mchumba wangu mliyemwona kwenye picha tu. Mnara waachieni wageni.

Msalimie Mama, mwambie namheshimu na ndiyo maana namkataza.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, 11 Machi

Kitinda mdogo wangu,

Kwanza nieleze kwa nini naandika. Naandika kwa sababu simu hupokei. Kila nikipiga uko kikaoni. Vikao gani hivyo ambavyo hata bunge halina? Barua angalau haikatiki katikati ukasema mtandao mbaya.

Barua yako nimemsomea Mama mpaka kwenye mkoba wa zipu. Alicheka mpaka akashika mbavu. Halafu akaniuliza, "Sasa hayo ndiyo ya kunitisha mimi?" Ndugu yangu, umesahau unamwandikia nani. Mwanamke aliyepiga deki wodi ya wazazi miaka ishirini na sita, akazoa damu na maji ya uzazi ya wilaya nzima, wewe unamtisha kwa kamasi? Mwenye kinyaa nyumba hii siku zote ulikuwa wewe. Kikombe alichonywea Mama ulikuwa unakisuuza mara mbili, ukidhani hakuoni. Alikuwa anakuona, ila alikaa kimya.

Na mimi nina langu la kukuuliza. Hivi bosi gani anajua kwamba chingamu ya juu ina joto? Mabosi ninaowashonea suti hapa hawajui hata meza zao zinafutwa saa ngapi. Wewe una ofisi na funguo, ilikuwaje ukapapasa chini ya benchi? Usinijibu, nakutania tu.

Tunakuja Jumamosi ya tarehe 21. Nina vitambaa vya kuchukua mjini, na Mama ameshanunua viatu, vya kahawia, vya kamba, anavivaa humu ndani ili vimzoee. Ile kalenda ya mwaka juzi bado iko ukutani; kila mgeni anaonyeshwa kwa kidole: hapa juu ndipo anaposimama mwanangu. Hana haja ya kuuona mji, usijidanganye. Anataka akuone umesimama kazini kwako, basi, arudi nyumbani. Ni kitu kidogo, na ni cha kwanza kuomba tangu ulipoondoka.

Dada yako,
Fundi


Mjini, 16 Machi

Dada,

Haraka haraka, kondakta anangoja. Tarehe 21 sitakuwepo. Nimetumwa mkoani na uongozi, kuna mafunzo ya wasimamizi, narudi Jumapili. Nimejaribu kuwaomba wabadilishe, wamekataa. Mkija mtakuta nafasi tupu. Ahirisheni. Kama vitambaa haviwezi kungoja, chukua vitambaa urudi, Mama abaki nyumbani.

Kitinda


Nyumbani, 25 Machi

Kitinda,

Mnara tumepanda. Mama alisema kama mtu hayupo, basi atapaona mahali pake, na ukimjua Mama unajua kwamba hapo mjadala umefungwa.

Ulichosema ni kweli tupu. Nilishika ile reli mara moja, nikatembea na mkono wangu umesimama pembeni kama si wangu. Mama alikuwa na furaha zake. Alimwuliza mlinzi wa lifti kama anamfahamu msimamizi wa juu, kijana mrefu mwenye kovu kidevuni. Mlinzi akasema msimamizi wa juu ni mama mmoja mnene. Nikamwambia Mama huyo mlinzi ni mgeni kazini. Akakubali.

Sasa nikwambie kilichonifanya niache kazi ya mteja mezani nikuandikie. Tulipanda lifti moja na bibi mmoja, hatumjui, mtu mzima wa heshima zake. Kufika juu, kizunguzungu kikamshika mbele ya darubini, akatapika. Ni bahati mbaya, inaweza kumpata yeyote. Akaitwa mfagiaji. Akaja amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, barakoa mpaka chini ya macho, hatoi salamu wala pole. Akamwaga maji na kuanza kuburuza dekio. Yule bibi akaona haya, akachuchumaa, akatoa kitambaa chake cha kichwa afute mwenyewe, akamwambia, "Nisamehe, nipishe nifute." Yule mtu akausukuma mkono wake kwa dekio, akamsonya. Na si msonyo wa kupita. Ulikuwa mrefu, wa kuvuta, ukumbi mzima ukageuka. Kuna waliocheka.

Mimi ni fundi cherehani, nimesonywa na wateja wenye matumbo na wateja wenye harusi kesho, lakini sijawahi kusikia kitu kilichonichefua namna ile. Matapishi yale yalikuwa masafi kuliko mdomo wa yule mtu. Mimi nilitaka kumpiga kwa ile ndoo, nikazuiwa.

Wewe ndiye mkubwa wa pale. Mtafute. Alikuwa zamu Jumamosi, saa tano asubuhi, upande wa darubini. Hata akiachishwa kazi sitamlilia.

Mtu wa maana tuliyemkuta kwenye jengo lile ni mmoja tu, msichana wa tiketi. Alipotuona tumeshuka na yule bibi analia, alifunga dirisha lake, foleni ikamtukana, yeye hakujali. Akampeleka bibi kwenye bafu la wafanyakazi, akapiga magoti, akamwosha viatu mpaka kamba. Jina lake hatukuuliza, tulikuwa tumechanganyikiwa.

Mama hajambo, anakusalimu. Chakula hali sana, nadhani ni uchovu wa safari.

Dada yako,
Fundi


Mjini, 31 Machi

Kwa Dada,

Nimerudi salama kutoka mafunzoni na nimeisoma barua yako kwa masikitiko. Suala la mfagiaji limeshughulikiwa. Nimemwita ofisini, amekiri, amepewa onyo kwa maandishi. Kumwachisha kazi sikuona busara, naye ni mtu na matatizo yake, na kazi ile ukiifanya miaka mitatu moyo unaota sugu.

Ila na wageni nao wana yao, tuseme ukweli. Mtu mzima anakaa kwenye basi anakula mayai ya kuchemsha, halafu anakwenda kupanda ghorofa arobaini kwa lifti, anategemea nini? Yai likishateremka na kupanda tena, harufu yake haina dawa. Sabuni haiitoi. Inakaa puani siku mbili, unaisikia hata kwenye chai. Nasema hivyo uelewe tu jinsi kazi ilivyo, simtetei.

Yaliyopita si ndwele. Maandalizi yanakwenda vizuri, mchumba wangu anawasalimu. Mwambie Mama ale, nataka nimwone ana afya siku ile.

Mdogo wako,
Kitinda


Nyumbani, 7 Aprili

Kitinda,

Nilikula kiapo kwa Mama, na leo nakivunja. Yule bibi tusiyemjua ni Mama. Ni yeye aliyetapika, na ni yeye aliyesonywa. Aliniapisha kwenye basi tukirudi, huku amenishika mkono kwa nguvu, kwamba wewe usijue kamwe, maana amekwenda kukutia aibu kwenye kazi yako mbele ya watu unaowaongoza.

Tangu siku ile haji mezani. Anachukua sahani yake anakwenda kulia chakula nyuma ya mlango wa jikoni. Anaoga asubuhi, mchana, jioni. Juzi alininusisha bega lake, akaniuliza kama ananuka. Mama yetu, Kitinda. Na jana amenipa neno la mwisho: harusini haji. Nikimwuliza sababu anasema wafanyakazi wako watakuwepo, yule mfagiaji atakuwepo, watamtambua, watasema mama wa bosi ndiye yule aliyetutapikia. Nimebembeleza mpaka nimechoka. Mtu akisonywa mara moja na kijana wa umri wa mwanawe, anasema, ajue amezeeka vibaya.

Hilo ni la kwanza. La pili ni hili, na hapa utani umekwisha. Mimi sikukuandikia habari za mayai. Irudie barua yangu uisome, hakuna yai hata moja. Na kwa kuwa nilikuambia hatumjui yule bibi, hukuwa na pa kulijulia hilo. Mama alikula mayai mawili kwenye basi, tukiwa wawili tu kwenye kiti. Wewe ulikuwa mkoani. Ulijuaje yaliyokuwa tumboni mwa mtu?

Njia ya mwongo ni fupi. Nyoosha maelezo.

Fundi


Mjini, 12 Aprili

Dada yangu,

Ni mimi.

Sina ofisi, sina funguo, sijawahi kuwa msimamizi wa chochote. Msimamizi ni yule mama mnene, mlinzi wa lifti hakuwa mgeni. Nina dekio, ndoo mbili na kikwangulio, kwa miaka mitatu. Yote niliyokuandikia ya vioo na chingamu ni ya mikono yangu. Nilipokuja mjini niliwaambia usimamizi kwa sababu nilijua Mama atafurahi, na kwa sababu tangu utotoni niliapa sitashika ndoo. Harufu ya dawa ya sakafu aliyokuwa akirudi nayo Mama kutoka wodini ilinifanya nijifiche chumbani asinikumbatie. Sasa narudi nayo mimi kila siku.

Mafunzo ya mkoani hayakuwepo. Niliomba ruhusa ya tarehe 21, mwenzangu akaugua, nikanyimwa. Kwa hiyo nilijificha kwenye chumba cha ndoo, mlango nimeuacha wazi kidogo. Niliwaona mkitoka kwenye lifti. Nilimwona Mama akigusa kioo kwa kidole kimoja, halafu akapafuta pale pale kwa pembe ya kitambaa chake ili asiache alama. Katika watu wote waliowahi kupanda kule ni yeye tu aliyefuta. Nilitaka kutoka, Dada. Nakuambia kweli, nilishika komeo.

Halafu akatapika, na nikaitwa kwa redio.

Nilikwenda nikidhani barakoa itanitosha. Nikaanza kwa haraka nimalize nikimbie. Mama akachuchumaa pale chini, uso wake ukawa karibu na wangu, akasema nisamehe. Akaniangalia macho. Nikaona anaanza kunijua. Ile namna yake ya kukunja nyusi anapotafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Nikasukuma mkono wake na nikasonya.

Sikusonya kwa kinyaa. Hapo ndipo ubaya ulipo, na laiti ningekuwa na kinyaa, ningepata pa kujitetea. Nilijua Mama hawezi kabisa kufikiri kwamba mwanawe atamsonya. Nilijua nikisonya ataacha kunitafuta. Na kweli aliacha. Aliinamisha uso.

Kuna na hili. Yule msichana wa tiketi ndiye mchumba wangu. Niliwaambia ni mhasibu, nikiogopa mkija kumtafuta mtanikuta na mimi, na picha niliyowatumia ilipigwa kwa mbali, ndiyo maana hamkumtambua. Kazi yangu yeye anaijua tangu mwanzo na hajawahi kuona tatizo. Siku ile alikuja kwangu jioni amefura kwa hasira, ananisimulia kwamba kuna mshenzi amemsonya bibi wa watu mpaka akalia, na kwamba yeye ndiye aliyemwosha. Akaniuliza nani alikuwa zamu. Nikamtaja mwenzangu aliyekuwa mgonjwa. Nikala chakula alichokuja nacho, nikamaliza.

Miaka yote najiona mtu safi nimezungukwa na watu wachafu. Sasa nikiosha uso asubuhi nafumba macho nisijione kwenye kioo. Nisaidie, Dada. Mwambie Mama wewe, kwa maneno yako, wewe unajua kumpoza. Aje tu harusini.

Mdogo wako


Nyumbani, 17 Aprili

Kitinda,

Sitamwambia.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na nilipomaliza nilikwenda uani kutema mate. Usinielewe vibaya. Ndoo yako haina neno, ndoo ndiyo iliyotulisha humu ndani na mimi nilijua zamani kwamba bosi wewe si bosi. Uongo wako wa kazi nilikuwa nimekusamehe siku nyingi, nikautania. Lakini ulimwona Mama yuko chini amechuchumaa, ukafanya hesabu. Mtu akipandwa na hasira akasonya, namwelewa. Wewe ulipima kwanza ndipo ukasonya. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu, na limelala nami siku ya tatu sasa.

Halafu bado unatafuta mtu wa kukufutia. Mimi si mfagiaji wako. Karatasi unayo, Mama kusoma anajua. Mwandikie mwenyewe, na usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, atajua. Na yule binti mwambie pia, kabla hajavaa gauni ninalomshonea mimi kwa vipimo vya picha.

Mama leo amekula nusu sahani, nyuma ya mlango.

Fundi


Mjini, 20 Aprili

Shikamoo Mama,

Nitaandika kwa ufupi maana nikirefusha nitaanza kujitetea.

Mfagiaji aliyekusonya juu ya Mnara ni mimi mwanao. Nilikuwa nimefunika uso. Nilijua ni wewe. Nilisonya ili usinitambue, kwa sababu nilikuwa nimewaambia mimi ni msimamizi na siyo kweli. Mimi napiga deki kule.

Hukunuka, Mama, wala hukumtia mtu aibu. Hakuna bosi pale wa kutiwa aibu. Waliocheka wamekwishasahau, wanapanda wengine kila siku. Mwenye aibu ni mimi peke yangu, naomba uniachie yote, usibebe hata kidogo, urudi mezani ule na Dada.

Msichana aliyekuosha viatu ndiye mchumba wangu. Jana nimemweleza kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kitambulisho cha kazi akakiweka mezani, akaondoka. Leo dirisha lake limekaa mtu mwingine na simu yake haipatikani. Sijui kama harusi ipo.

Ikiwepo, naomba uje. Isipokuwepo, nitakuja mimi kukupigia magoti. Naomba uniambie lipi.

Mwanao wa mwisho


Nyumbani, 26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili, na zile ulizomwandikia dada yako amenipa nazo nikasoma. Macho yangu hayapendi tena mwandiko mdogo, kwa hiyo na mimi nitakuwa mfupi.

Mezani nimerudi. Siku ile ile nilipomaliza kusoma nilichukua sahani nikakaa na dada yako, tukala. Nilikuwa nimejinusa mwezi mzima. Nimeoga mpaka ngozi imepauka. Nilidhani nimeanza kuoza mzima mzima na watu wa nyumbani wananificha. Hilo nataka ulijue, silisemi ili nikulipize.

Kazi yako nimeifurahia, hata kama wewe umeionea haya. Ila huijui. Matapishi hayaanzwi kwa maji. Ukimwaga maji unayatandaza, yanaingia kwenye mifereji ya sakafu, ndiyo maana harufu ilikukaa puani siku mbili ukasingizia mayai. Unaanza na unga wa mbao au mchanga, unangoja unyonye, unazoa, ndipo unaleta maji ya moto na dawa. Pale chini nilipochuchumaa nilikuwa nataka kumwonyesha yule kijana, nikamwonea huruma, nikasema huyu hakufundishwa na mtu.

Umeandika kwamba hukuwa na kinyaa siku ile. Mimi nilikuwa nacho, miaka ishirini na sita, kila siku ya Mungu. Kuna asubuhi nilitapika mimi kabla sijazoa ya wenzangu. Nilikimeza kinyaa changu kwa sababu aliyelala pale kitandani ananiangalia, na ni mtoto wa mtu. Sikumsonya hata mmoja. Wewe nilikuona unavyokisuuza kile kikombe, nikasema ni mtoto, kitamtoka akikua. Nilikosea kunyamaza. Ningekupiga kofi moja ukiwa na miaka saba, leo tusingeandikiana barua hizi.

Sasa habari za mkwe. Usihangaike kumtafuta kwenye simu, yuko hapa. Alifika Jumanne, na kibegi kidogo, akabisha hodi, nikamjua kabla hajafungua mdomo. Alinisalimu halafu akasema amekuja kuniomba radhi kwa niaba yako, nikamwambia radhi haiombwi kwa niaba, akae anywe chai. Amekaa siku ya sita. Dada yako amempima upya, lile gauni la vipimo vya picha lilikuwa linambana kifuani. Wanacheka huko ndani muda huu ninapoandika. Wewe hawakutaji.

Kama bado anakutaka sikumwuliza, na sikumshauri neno. Jana jioni mwenyewe akasema tarehe 2 ibaki palepale, akanitajia na saa. Kwa hiyo harusi ipo, na nitakuja.

Nitakuja na yeye, tutashuka gari moja. Vile viatu vya kahawia nitavaa. Usije kunipokea stendi, na usiniwekee kiti mbele kwenye safu ya wazazi wa bwana harusi. Upande huo akae dada yako, kama atakubali, hilo sijamlazimisha. Mimi nitakaa upande wa bibi harusi.

Mama yako